Ubishi wa Yonasani na Swalik

Pikapu ya Yonasani wa Kitswamba ilikuwa nyeupe zamani. Ilipofika mikononi mwake, baba yake alipofariki, ilikwisha kula vumbi la barabara ya Bwera hata mtu asingeweza kusema ni ya rangi gani. Mlango wa abiria ulifungwa kwa waya. Honi ilikuwa imekufa, na kwenye kona Yonasani alitoa kichwa dirishani akapiga mluzi. Lakini huko nyuma maandishi ya NISSAN yalisomeka vizuri, kwa sababu kila mwaka kabla ya Krismasi aliyapaka rangi nyekundu kwa brashi ya kuazima.

Ndani ya pikapu hiyo ndimo alimomzoea Swalik.

Swalik alikuwa mtoto wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, wa Hajati Salmah, mjane aliyeuza vitenge karibu na msikiti. Marehemu baba yake alikuwa msafirishaji mwenye lori lake mwenyewe, na Swalik alikulia juu ya lori hilo. Alipofika umri wa kushika usukani, lori lilikuwa limekwisha kuuzwa. Akaingia kwenye biashara ya vitunguu na maharage, akahitaji mtu wa kumbebea mzigo kutoka Kasese mpaka soko la mpakani. Yonasani naye alikuwa akitafuta mzigo wa kujaza pikapu wakati kahawa yake haijaiva. Mmoja Mkristo wa mlimani, mnene, mwenye maneno machache. Mwingine Mwislamu wa mpakani, mwembamba, asiyeweza kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Siku ya kwanza walielewana. Siku ya pili wakaanza kubishana, na hawakuacha.

Walibishana kama maharage ya Ibanda yanaiva haraka kuliko ya Kisinga. Walibishana kama mvua iliyo juu ya mlima itashuka upande wetu au itarudi Kongo. Walibishana njia nzima, na walipofika walishusha magunia wakacheka. Lakini ubishi wao mkubwa, ule uliokuja kujulikana soko zima, ulianzia kwenye kalenda.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na moja, katika duka la spea la Siraje pale Kasese mjini. Walikwenda kutafuta mkanda wa feni. Ukutani, juu ya kichwa cha Siraje, palikuwa na kalenda yenye picha ya gari la mbio la kijivu, limelala chini chini kama chui anayenyemelea. Chini ya picha paliandikwa: Nissan GT-R.

Yonasani aliweka mkanda mezani akaikodolea macho ile picha.

"Swalik, njoo uone," alisema. "Ndugu ya pikapu yangu."

Swalik hakucheka. Alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta. "Hapana," akasema. "Hapa wamekosea. Gari kama hii haiwezi kuitwa jina moja na kitu chako kinachobeba vitunguu."

Siraje alipenda magari kuliko alivyopenda wateja. Akaacha kufunga mkanda akawaeleza: gari lile lina turbo mbili, linavuta kwa magurudumu yote manne, na linayakimbiza magari ya Ulaya ambayo mtu wa kawaida hata kuyaota haoti. Tena akawaambia kwamba kiwanda hicho hicho kina jina la pili, Infiniti, wanaloliweka kwenye magari ya matajiri. Hata hivyo hili waliliacha kwenye jina la kawaida.

"Kwa nini?" Swalik akauliza.

"Nitajuaje mimi? Waulize wenyewe."

Hawakuwauliza wenyewe. Waliulizana wao kwa wao, kuanzia mlangoni mwa duka mpaka Kikorongo, na kutoka Kikorongo mpaka Bwera.

"Mutu akinunua gari hii ananunua heshima," Swalik alisema, miguu yake ikiwa juu ya dashibodi. "Sasa fikiria. Anafika hotelini, bawabu anamuuliza, mzee, unaendesha nini? Anajibu, Nissan. Bawabu anaenda nyuma kutafuta matoke ashushe!"

"Akiwasha injini bawabu atajua si matoke."

"Kwa nini angoje mpaka awashe? Jina lingesema kabla yake."

Yonasani alibadilisha gia. "Wakiipa jina la matajiri," akasema, "itakuwa ya matajiri peke yao. Sasa hivi iko yetu pia. Mimi siwezi kuinunua hata nikiuza mlima. Lakini nikiiona najua waliotengeneza ile ndio waliotengeneza hii ninayoendesha. Wewe unataka kuninyang'anya furaha ya bure."

"Furaha ya bure haijazi tangi."

"Wala Infiniti haijazi."

Sokoni walikunywa chai kwa Kahambu, mama wa Kinande kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, aliyekaanga chapati karibu na kituo cha forodha. Ubishi ukahamia pale. Wauza samaki wa Katwe wakawa upande wa Yonasani; wabadilisha fedha wakawa upande wa Swalik. Siku za Ijumaa Swalik alipokwenda kuswali, Yonasani alibaki akilinda vitunguu na kuyapanga majibu yake, na Swalik aliporudi tu, kabla hajavaa viatu vizuri, walianza upya. Kahambu aliwamiminia chai akitikisa kichwa.

"Banaume bawili," alisema, "mutuka ya mbio habana, na beko banagombania jina yake!"

Zikapita siku hivyo, siku nzuri, ingawa wakati ule hakuna aliyeziita nzuri. Immy, mke wa Yonasani, alijifungua mtoto wa tatu. Swalik alioa, ndoa ikamshinda, mke akarudi kwao Kampala. Baada ya hapo utani wake ulipungua. Siku moja mwaka elfu mbili na kumi na nne, wakiwa wanafunga turubai, alisema bila kumtazama mwenzake:

"Yona, mimi naondoka. Nimepata mtu wa kunipeleka Dubai."

"Kufanya nini?"

"Kazi. Kwenye magari." Alivuta kamba akaifunga fundo. "Nimechoka kuitwa Swalik wa Vitunguu. Baba yangu aliitwa kwa jina lake kutoka hapa mpaka Mombasa."

Yonasani alitafuta maneno, akapata moja tu: "Sawa." Asubuhi ya safari alimpeleka mwenyewe kwenye basi pale Kasese, akampakia begi, wakashikana mikono kama watu waliouziana mbuzi. Basi lilipoondoka Swalik alifungua dirisha akapiga kelele: "Nikifika nitawauliza wenyewe!"

Akafika. Kila Ijumaa baada ya swala alipiga simu. Alisema kazi yake iko kwenye sehemu kubwa ya kuuza magari, vioo kutoka chini mpaka juu. Akatuma picha amesimama kando ya lile gari lenyewe, si la kalenda, mkono wake juu ya boneti kwa uangalifu kama anayegusa ng'ombe mgeni. Akatuma na sauti ya injini. Yonasani alimpelekea Immy simu jikoni asikilize.

"Hiyo ni mashine ya kusaga?" Immy akauliza.

"Hiyo ni Nissan," Yonasani akasema kwa fahari.

Mara nyingine Swalik alipiga akiwa na habari moto. Mteja mmoja, bwana mzito, alikuja, akalizunguka lile gari, akakaa ndani, akashika usukani, akaridhika na kila kitu. Mwishowe akatazama nembo, akasema, hapana, siwezi kuwaambia watu nimenunua Nissan. Akaondoka zake.

"Umesikia?" Swalik alisema. "Umesikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia. Huyo hapendi gari. Huyo anapenda macho ya jirani zake."

"Lakini gari limebaki halijanunuliwa!"

"Litanunuliwa na mwenye akili."

Siku hiyo Swalik alimweleza jambo jingine ambalo lilimpendeza Yonasani kupita yote: kwamba injini ya gari lile hufungwa na fundi mmoja kwa mikono yake, mwanzo mpaka mwisho, na juu yake kuna kibati chenye jina la fundi huyo. Yonasani akasema, basi ubishi umekwisha, gari lina jina la mtu, linataka nini tena? Swalik akasema jina lililofichwa chini ya boneti si jina. Wakabishana juu ya hilo hadi salio likaisha.

Kisha simu zikaanza kupungua. Ijumaa moja ikapita bila simu, halafu mbili. Akipiga, sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kupanda mlima. Alisema ni joto. Alisema ni kazi nyingi. Yonasani alikuwa na mambo yake: kahawa ilishikwa na ugonjwa, pikapu ililala kwa fundi msimu mzima. Ukaingia mwaka elfu mbili na kumi na saba.

Aliyempigia hakuwa Swalik. Alikuwa Jamira, dada yake mdogo.

"Kaka Yona, Swalik amerudi. Njoo umwone. Lakini ukimwona usishtuke. Mama hataki watu washtuke mbele yake."

Hata alipoonywa, alishtuka. Mtu aliyelala kwenye godoro katika sebule ya Hajati Salmah alikuwa na uso wa majivu, na miguu iliyovimba mpaka ngozi inang'aa. Ni figo, Jamira alimwambia uani kabla hajaingia. Huko Dubai hakuwa akiuza magari. Alikuwa akiyaosha, nje, juani, kutwa, na maji ya kunywa msimamizi aliwapimia. Alianza kuumwa akanyamaza, mpaka siku alipoanguka na ndoo mkononi. Walipoona hafai tena wakamkatia tiketi.

Yonasani akakaa kwenye kigoda, magoti yake makubwa yakakaribia kidevu. Hakujua kama aliamkia. Swalik alimtazama, midomo mikavu ikatabasamu upande mmoja.

"Bado unasema ni Nissan?"

Yonasani alitazama ile miguu. Akafikiri kwamba mtu aliyeteseka hivi anastahili kupewa angalau hilo, kwani linagharimu nini? Akasema kwa sauti ya chini, ya kanisani: "Nimefikiri sana, Swalik. Ulisema kweli. Ilifaa ipewe lile jina kubwa."

Tabasamu likaondoka. Swalik akageuza uso ukutani.

"Jamira," akasema, "huyu mutu umemtoa wapi?"

"Ni kaka Yona, Swalik."

"Si Yona." Akageuka tena, na macho yalikuwa yamejaa machozi ya hasira. "Usinikubalie. Unanisikia? Daktari ananikubalia. Mama ananikubalia. Nikisema nataka chakula chenye chumvi wanasema ndiyo, ndiyo, halafu hawaleti. Wewe pia ukinikubalia, basi mimi nimeshakufa na mmeficha kuniambia."

Nje mtu alikuwa akitangaza bei ya dagaa kwa kipaza sauti. Yonasani akasogeza kigoda karibu na godoro.

"Haya," akasema. "Basi sikiliza, kichwa kigumu. Hiyo Infiniti yako, nani anaijua? Ukienda hapo nje ukauliza watu kumi, kumi wote watafikiri ni dawa ya meno."

"Hawajui kwa sababu ni washamba!"

"Mshamba ni wewe uliyekwenda mpaka Dubai ukarudi bado unaogopa bawabu!"

Swalik akajiinua kwa kiwiko. Akapandisha sauti, Yonasani akapandisha yake, mmoja akataja heshima, mwingine akataja kibati cha fundi, mpaka Hajati Salmah akatoka chumbani mbio, kitenge kikimdondoka begani, akidhani watu wanapigana. Akasimama mlangoni. Mwanawe, ambaye tangu ashuke ndege alikuwa hajaketi bila kuinuliwa, alikuwa ameketi, kidole juu, anagomba. Mama akarudi chumbani taratibu akafunga mlango, na Jamira aliyemfuata alimkuta amekaa kitandani ameziba mdomo kwa kitenge.

Kuanzia siku hiyo Yonasani alifika kumwona kila alipokuja Bwera. Tena akawa ndiye wa kumpeleka Mbarara kusafishwa damu kwa mashine, maana Kasese wakati huo mashine hiyo haikuwapo. Immy alitoa blanketi lake zuri, wakamfunika nalo kwenye kiti cha mbele. Waliondoka asubuhi, wakipita nyika ile ya mbugani ambako barabara imenyooka na swala wanasimama kando kama watu wanaongoja lifti. Yonasani aliendesha polepole kwa sababu ya mashimo. Swalik alilalamika kwamba tembo wanawapita.

Safari moja walikuwa wakirudi Bwera. Swalik akasema:

"Yule mteja niliyekuambia. Yule aliyeacha gari sababu ya jina."

"Nakumbuka."

"Hakuwapo. Nilimtunga."

Yonasani alipunguza mwendo. "Kwa nini?"

"Nilitaka kushinda." Swalik alivuta blanketi mpaka shingoni. "Kule sikuwa nikishinda kitu, Yona. Nilipowaambia natoka Bwera waliniuliza Bwera ni nini, nikaanza kusema natoka Kampala. Baadaye hata hawakuuliza. Msimamizi alituita wote 'wewe'. Wewe, njoo. Wewe, futa hapa. Lile gari nililiosha mara nyingi, nikawa nalitazama nasema, wewe angalau unajulikana unaitwaje. Halafu Ijumaa nakupigia, unaniita Swalik, unanitukana. Nikawa nangoja Ijumaa."

Barabara ilianza kuonekana kama iko nyuma ya maji, Yonasani akapangusa macho kwa mkono wa shati akisingizia vumbi. Walipokaribia Kikorongo akasema, "Kumbe hujashinda."

"Sijashinda," Swalik akasema. "Lakini bado nasema ilifaa iwe Infiniti."

Wakacheka, na kicheko kikamletea Swalik kikohozi, wakasimama mpaka kipite.

Mashine haikuponya, ilikuwa inasogeza siku mbele tu. Safari zikawa zinamchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Hatimaye Swalik alisema mbele ya mama yake, kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, kwamba sasa angependa kubaki nyumbani. Hajati hakumkubalia. Alimgombeza sana, akalia, kisha akamletea mchuzi wenye chumvi, ile aliyokatazwa na daktari.

Swalik alifariki asubuhi moja ya Jumatano, watu wakiwa wanafungua maduka. Yonasani alifika kabla ya adhuhuri, amevaa koti la kanisani, maana hakuwa na jingine jeusi. Mwili ulikwisha oshwa na kuvikwa sanda. Wanaume walipoinua jeneza yeye alirudi nyuma, akasimama kwenye ua wa michongoma, hajui kama mtu wa dini nyingine anaruhusiwa kushika. Hajati Salmah alikuwa amekaa ndani na wanawake, lakini alimwona kupitia dirishani.

"Siraje," alimwita yule wa duka la spea, aliyekuwa karibu na mlango, "mwambie Yonasani aingie chini ya jeneza. Huyo ni mtoto wangu."

Wakampa nafasi, mbele, upande wa kulia. Watu walipokezana mabega njiani kama ilivyo desturi, kila mmoja akitaka thawabu yake, lakini Yonasani alipoguswa aachie, hakuachia, na baada ya kumgusa mara kadhaa wakamwacha. Alikwenda naye mpaka makaburini. Wepesi wa jeneza ndio uliomuumiza. Alikuwa amezoea kubeba naye magunia.

Ilipita miezi kabla hajakanyaga kwa Kahambu. Alipoingia, chai ilimiminwa bila kuulizwa, na watu wakamsogezea benchi. Mbadilisha fedha mmoja, mtu mwema aliyekuwa siku zote upande wa Swalik, akaona amchangamshe.

"Basi, bwana Yona," akasema, "mwenzako amekuachia uwanja. Umeshinda. Ni Nissan."

Wote wakamgeukia wakitabasamu, wakingoja. Yonasani alifungua mdomo. Majibu ya Swalik aliyasikia yote, moja baada ya jingine, kwa sauti yake, na ule mkono unaokata hewa. Alipotafuta ya kwake hakuona hata moja.

"Sijui," akasema. "Mimi sijui tena."

Kahambu akamwangalia, akasukuma sahani ya chapati karibu naye. "Kula, baba," akasema. "Kula tu."

Alikula nusu. Akashukuru, akatoka.

Nyumbani Kitswamba alifika watoto wakirudi kutoka kisimani. Immy alimuuliza kulikuwaje huko Bwera. Akasema watu walikuwa wengi, samaki wamepanda bei, mvua inaonekana itanyesha. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akainama afungue kamba za viatu. Kamba zilifunguka, naye akabaki vile vile ameinama, mabega yakitikisika. Immy akaacha alichokuwa akikichambua, akaja kukaa kando yake.